Epidamodisplasia verusifomisi

Epidamodisplasia verusifomisi (kifupi: EV) ni ugonjwa wa ngozi wa kurithi unaotokea kwa nadra sana. Wagonjwa hushindwa kujikinga na aina fulani za virusi vya papiloma ya binadamu (HPV), na wengi wao hupata saratani ya ngozi wakiwa watu wazima. Ulielezwa mara ya kwanza na madaktari Felix Lewandowsky na Wilhelm Lutz mwaka 1922.

Dalili

Dalili huanza kwa kawaida utotoni. Vipele bapa vinavyofanana na chunjua, pamoja na mabaka, huota usoni, shingoni, mikononi na kifuani. Haviishi, bali huongezeka. Baada ya miaka mingi baadhi yake hugeuka saratani, hasa kwenye paji la uso na sehemu nyingine zinazopigwa na jua.

Chanzo

Virusi vinavyohusika zaidi ni HPV 5 na HPV 8. Virusi vya kundi hilo hukaa kwenye ngozi ya watu wengi bila kuwadhuru. Tofauti imo katika jeni. Mwaka 2002 iligunduliwa kwamba wagonjwa wengi wana hitilafu katika jeni EVER1 au EVER2, zilizoko kwenye kromosomu ya 17. Mwaka 2018 ikaongezwa jeni CIB1. Protini za jeni hizo tatu hushirikiana ndani ya seli za ngozi kuvidhibiti virusi. Moja ikikosekana, ulinzi huvunjika. Kisha mionzi ya jua huharibu DNA ya seli, na virusi huzuia uharibifu huo usirekebishwe.

Urithi

Kwa kawaida mtoto huugua akirithi nakala mbili zenye hitilafu, moja kutoka kwa kila mzazi. Wazazi wenye nakala moja tu hawana dalili, lakini kila mtoto wao ana uwezekano wa 25% wa kuugua. Kwa hiyo ugonjwa huonekana zaidi pale ndugu wa damu wanapooana.

Kinga na matibabu

Hakuna dawa ya kuuponya. Mtu habadilishi jeni alizozaliwa nazo, wala virusi hivyo haviepukiki kwa urahisi; lakini jua linaweza kuepukwa. Mgonjwa anahitaji tangu utotoni kofia pana, nguo za mikono mirefu, losheni ya kukinga jua na kupimwa ngozi mara kwa mara, ili saratani iondolewe mapema kwa upasuaji. Tiba ya mionzi huepukwa, kwani inaweza kuzidisha saratani. Chanjo ya HPV ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi haikulengwa kwa aina ya 5 na 8.

Hakuna sababu ya kumtenga mgonjwa: kwa watu wengi kinga ya ngozi huvidhibiti virusi hivyo.