Nyota wakubwa, chui mmoja, na sinema iliyoanguka

SHABUNDA – Katika bwami, desturi kuu ya Warega, meno na ngozi ya chui havivaliwi na kila mtu. Ni vya wazee waliofika daraja la juu kabisa, kindi. Ndiyo maana « Bringing Up Baby », sinema ya kuchekesha ya Marekani ya mwaka 1938, ina jambo la kumshangaza Mrega: msichana tajiri anamwongoza chui kwa kamba kama mbwa, na kumtuliza kwa wimbo wa mapenzi. Tena chui huyo, aitwaye Baby, eti katumwa kutoka Brazili. Brazili kuna jaguar. Chui ni wa kwetu na wa Asia.

Waigizaji si wa kubezwa. Katharine Hepburn ndiye msichana Susan. Cary Grant ni David, mtaalamu wa mifupa ya wanyama wa kale, anayehangaikia mfupa mmoja uliofukiwa na mbwa. Mwongozaji ni Howard Hawks. Hata hivyo, kampuni ya RKO ilipata hasara ya zaidi ya dola 300.000. Mwaka huohuo wenye majumba ya sinema walimtaja Hepburn kati ya nyota wanaofukuza watazamaji, naye akalipa ili aachane na RKO.

Leo wengi wanaiita johari. Wanazidisha. Mwanzo unachekesha kweli, hasa pale David anapotembea amemgandamia Susan mgongoni ili kuficha gauni lililochanika. Baadaye ni kelele. Shangazi, mwindaji, polisi, daktari wa wazimu, wote wanabwabwaja. Hawks mwenyewe alikiri baadaye kwamba kosa lilikuwa hilo: hakuweka hata mtu mmoja wa kawaida. Kichekesho kinahitaji mtu wa kushangaa kwa niaba yetu. Bila yeye, dakika 102 ni ndefu.

Mwaka 1951 Hepburn alifika Kongo, kwenye mto Ruiki karibu na Ponthierville, Ubundu ya leo, ambako maji ya Ulindi ya Shabunda hupita yakiwa ndani ya Lualaba. Alikuja kuigiza « The African Queen » pamoja na Humphrey Bogart. Humo Bogart ndiye mlevi, Hepburn ndiye mwenye akili timamu, na kicheko kinakuja bila kelele.