Mama mwenye nyumba moja na sheria ya kumtoa mpangaji

Juma lililopita, likelemba ilipokwisha, mama mmoja wa Katuba alibaki kwenye kiti wakati wengine tulikuwa tunafunga vitambaa ili kurudi nyumbani. Ni mjane, ana watoto watano. Yeye anakaa nyumba ya mbele ya parseli. Nyuma kuna vyumba viwili na sebule. Marehemu alisimamisha kuta, mama mwenyewe akatia bati. Pesa ya nyumba ile ndiyo inalipa masomo. Sasa mtoto wake wa kwanza anarudi kutoka Kolwezi, kazi imekwisha, bibi yake ana mimba, na hawana pa kulala. Mama akamwambia mpangaji: "Papa, mwisho wa mwezi unisaidie, uniachie nyumba." Mpangaji akajibu kwa adabu: "Mama, sheria inanipa miezi mitatu. Na garanti yangu iko wapi?"

"Mwalimu," akatuuliza, "ile nyumba ni yangu ama si yangu?"

Ni yake, hakuna anayekataa. Lakini kuwa na nyumba ni jambo moja, na kumtoa mtu ndani yake ni jambo lingine. Wengi wetu tunachanganya.

Wazazi wetu walipangisha kwa mdomo. Sheria iliyowaongoza ilikuwa ya dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, wakati wa Leopold II, na kwa nyumba isiyo na maandishi ilifuata desturi ya mahali. Desturi hiyo tunaijua: mwenye sauti kubwa ndiye alishinda. Mara nyingi alikuwa mwenye nyumba. Lakini kama mpangaji alikuwa na ndugu mwenye cheo, mjane alinyamaza na miaka ikapita.

Tarehe 31 Desemba 2015 ikatoka sheria namba 15/025, juu ya nyumba zisizo za biashara, yaani zile tunazopangisha watu wakae. Kwa mama wa Katuba, mambo mawili ndani yake ni makubwa. La kwanza ni preavi: unayetaka nyumba yako unamwandikia mpangaji barua, na kwa nyumba ya kukaa unampa miezi 3. La pili ni garanti: kwa nyumba ya kukaa haipite miezi 3 ya pesa ya nyumba. Mwaka 2025 gavana wa Kinshasa alilazimika kuikumbusha tena, kwa sababu huko kama huku wengi tuliendelea kudai sita, hata zaidi, komisioneri akichukua chake pembeni.

Hapo ndipo shida yenyewe ya mama huyu ilipotokea, na tunaomba kila msomaji mwenye anexe aisikie vizuri. Si miezi mitatu inayomfunga. Ni garanti. Mpangaji alipoingia miaka miwili iliyopita alilipa dola 80 kwa mwezi, na garanti ya miezi sita, dola 480. Zile 480 ziko wapi? Ziko juu ya kichwa cha mpangaji mwenyewe: ni bati. Nyingine zililipa shule mwezi wa tisa. Mama hakuiba, alifanya kama tunavyofanya sote. Garanti tunaita pesa iliyoingia, kumbe ni deni. Kisha tunategemea mpangaji mpya alete garanti mpya ili tumrudishie yule anayetoka. Lakini huyu mama hatafuti mpangaji mpya, anatafuta mahali pa mtoto wake. Mlango huo umefungwa. Na zaidi, alichukua sita pale sheria inaruhusu tatu, kwa hiyo akienda kulalamika, atalalamika akiwa naye ana kosa.

Jirani mmoja alimshauri atoe mlango. Mwingine akasema akate umeme, mtu atachoka mwenyewe. Ushauri huu unatembea sana katika kwartie zetu, na tunasema wazi: usiufuate. Mtu aliyeingia nyumbani kwa mapatano, yale ni makao yake mpaka yavunjwe kwa njia ya sheria. Ukiingia kwa nguvu na kutupa vyombo vyake nje, kesho wewe ndiwe unaitwa polisi, na yeye anakaa. Hata asiyelipa miezi minne hatolewi na mabinamu zako. Unampeleka kwanza ofisi ya Habitat ya komini, kwa sababu sheria inataka mjaribu kupatanishwa. Wakishindwa, wanaandika kwamba wameshindwa, na ile karatasi ndiyo unabeba tribinali. Ni safari ndefu, na kwa mama anayeuza samaki sokoni kila asubuhi iliyopotea ni hasara. Tunafikiri sheria haikumhesabia hilo. Mwenye nyumba ishirini ana avoka. Mwenye nyumba moja ana miguu yake.

Wamama wengine wanaogopa ofisi ile kwa sababu nyingine, wanaisema kwa sauti ya chini: tukiandikisha kontra, watatudai IRL, kodi ya leta juu ya pesa za nyumba. Ni kweli, kodi ile ipo, na ilikuwepo hata kabla hujaandika. Lakini siku ya ugomvi, asiye na karatasi anabaki na mashahidi, na mashahidi wanahama.

Kwa walioolewa, neno moja. Zamani kitabu cha sheria za jamaa cha 1987 kilidai mke apate ruhusa ya mume kabla ya kutia sahihi jambo la kumfunga. Mabadiliko ya mwaka 2016 yaliondoa ruhusa hiyo. Sasa mume na mke wanapaswa kukubaliana. Basi kontra ya nyumba ya jamaa tieni sahihi wote wawili.

Jumamosi tulikaa na mama wa Katuba mezani, na daftari la shule. Tuliandika barua ya preavi, mistari sita: nani, nyumba gani, sababu, tarehe ya kutoka. Kopi tatu, mpangaji akatia sahihi ya kupokea, moja ikaenda ofisini. Kisha wakapatana juu ya garanti: miezi mitatu ya preavi atakaa bila kulipa, hiyo ni dola 240. Zile 240 zinazobaki atapewa siku ya kurudisha ufunguo, baada ya kuangalia pamoja madirisha, kufuli na deni la maji. Hilo nalo likaandikwa.

Maana yake, mama atakaa miezi mitatu bila pesa ya nyumba, na masomo hayangoji. Dada wa likelemba aliyekuwa apokee mwezi wa pili amekubali kumwachia zamu yake. Kijana na bibi yake wamefika Jumatatu. Wanalala sebuleni kwa mama, na watoto wadogo wamehamia chumbani mwake.