Kinga ya Kidonda cha Upasuaji: Kwa Nini Dawa Itangulie Kisu

Mgonjwa anapotolewa salama katika chumba cha upasuaji, jamaa zake hushusha pumzi na kudhani kwamba hatari imekwisha. Kumbe ipo hatari ya pili, isiyoonekana siku hiyo. Baada ya siku kadhaa huenda kidonda kikavimba, kikawa cha moto, kikauma kuliko awali, na mwishowe kikatoa usaha. Hapo husemwa kwamba kidonda kimeingiliwa na vijidudu. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, wagonjwa 11 katika kila 100 wanaopasuliwa hupatwa na maambukizo ya namna hii. Barani Afrika, miongoni mwa wanawake wanaojifungua kwa kupasuliwa, idadi hiyo hufika hata 20 katika 100. Kwa mama mwenye mtoto mchanga, maana yake ni majuma mengi ya kitanda, gharama zisizotazamiwa, na pengine kifo.

Katika makala haya tutaeleza vijidudu hivyo hutoka wapi, ni kwa njia gani hulishinda jeraha, na kwa nini saa ya kutoa dawa ni jambo kubwa kuliko wingi wa dawa yenyewe.

Vijidudu hutoka wapi?

Zamani madaktari wengi wa Ulaya waliamini kwamba usaha ulisababishwa na hewa mbaya. Joseph Lister, daktari wa upasuaji katika mji wa Glasgow, alisoma kazi za Louis Pasteur wa Ufaransa juu ya uchachu, akafikiri kwamba huenda viumbe hai vidogo ndivyo vinavyoozesha jeraha. Mwaka 1865 alianza kutibu majeraha kwa asidi ya kaboliki. Kabla ya hapo, katika wagonjwa wake 35 waliokatwa viungo, 16 walikufa. Baada ya kuitumia njia mpya, katika wagonjwa 40 walikufa 6 tu.

Leo twajua kwamba hewa si mkosaji mkubwa. Mara nyingi vijidudu vinavyoharibu kidonda ni vya mgonjwa mwenyewe. Bakteria waitwao stafilokoki huishi juu ya ngozi na ndani ya pua za watu wenye afya njema bila kuwadhuru. Wengine wengi huishi ndani ya utumbo. Ngozi ni ukuta, na maadamu ukuta haujabomolewa, majirani hao hawana madhara. Kisu cha daktari ndicho kinachofungua mlango.

Vyombo vya upasuaji vyaweza kutakaswa kabisa. Huwekwa katika mtungi wa mvuke wenye shinikizo, kwa joto la digrii 121 za Selsiasi kwa dakika 15 au zaidi, na hakuna bakteria anayesalimika. Lakini ngozi ya mtu haiwezi kuchemshwa. Tukiisugua kwa sabuni na kuipaka spiriti, twapunguza bakteria wake kwa kiasi kikubwa sana, ila wengine hubaki wamejificha ndani ya vitundu vya nywele na vya jasho. Kwa sababu hiyo hakuna kidonda cha upasuaji kisicho na kijidudu hata kimoja. Swali la kisayansi ni hili: wako wangapi, na mwili unaweza kuwashinda wangapi?

Hesabu ya vijidudu

Mwaka 1957 watafiti wawili wa Uingereza, Elek na Conen, waliwadunga watu waliojitolea stafilokoki ngozini kwa viwango mbalimbali. Waliona kwamba ili usaha utokee, ilihitajika kudunga bakteria milioni kadhaa kwa mara moja. Wachache kuliko hao, mwili uliwamaliza wenyewe. Lakini uzi wa hariri wa kushonea ulipowekwa ndani ya ngozi, bakteria kama 100 tu walitosha kuleta usaha. Kumbe kitu kigeni, damu iliyoganda, au nyama iliyokufa huwapa bakteria maficho ambamo askari wa mwili hawawafikii kwa urahisi.

Sasa tupige hesabu. Tuchukue bakteria 100 walioingia katika jeraha, na tuseme kwamba kila mmoja hugawanyika kuwa wawili kila baada ya dakika 30. Baada ya saa 3 watakuwa 6,400. Baada ya saa 10 watakuwa wamezidi milioni 100. Katika mwili ongezeko haliendi sawasawa hivyo, kwa kuwa mwili hupigana nao, lakini hesabu hii yaonyesha kwamba saa za kwanza ndizo zinazoamua.

Saa ya dawa

Mwaka 1961 daktari John Burke, wa mji wa Boston nchini Marekani, alilipima jambo hili kwa kutumia simbilisi. Aliwadunga stafilokoki ngozini, kisha akawapa dawa ya kuua bakteria kwa nyakati tofauti. Waliopewa dawa kabla ya bakteria kuingia hawakupata madhara makubwa. Kadiri dawa ilivyochelewa, ndivyo uvimbe ulivyokuwa mkubwa. Waliopewa baada ya saa 3 hawakuwa na tofauti na wale wasiopewa kabisa.

Je, ni hivyo hivyo kwa binadamu? Mwaka 1992 ulichapishwa uchunguzi wa wagonjwa 2,847 wa hospitali moja ya Marekani. Waliopewa dawa katika muda wa saa 2 kabla ya kupasuliwa, walioambukizwa walikuwa wastani wa 6 katika kila 1,000. Waliopewa zaidi ya saa 3 baada ya kisu kuanza, walikuwa 33. Na waliopewa mapema mno, zaidi ya saa 2 kabla, walikuwa 38, kwa kuwa dawa ilikwisha kupungua katika damu kabla ya kazi kuanza. Basi dawa iwe imekwisha enea katika damu na nyama wakati kisu kinapogusa ngozi.

Baada ya upasuaji kwisha, kuendelea kutoa dawa kwa siku nyingi kwa ajili ya kinga tu hakuongezi faida. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilishauri desturi hiyo iachwe, kwani huwazoesha bakteria dawa hata zisiwadhuru tena. Desturi hiyo hubadilika watu wakielimishwa. Katika Hospitali ya Thika, nchini Kenya, mradi wa miaka ya 2010 na 2011 ulipandisha idadi ya wagonjwa waliopewa dawa kabla ya kupasuliwa kutoka chini ya 2 katika 100 hadi 98.

Kinga nyingine

Dawa peke yake haitoshi. Mgonjwa aoge kwa sabuni kabla ya upasuaji. Nywele za mahali patakapopasuliwa zisinyolewe kwa wembe, kwa sababu wembe huacha michubuko midogo ambamo bakteria huzaana. Ikibidi, zikatwe kwa mashine. Mgonjwa asiachwe apoe, maana mwili wa baridi hubana mishipa, na damu yenye oksijeni haifiki vizuri kidondoni. Katika uchunguzi wa mwaka 1996 juu ya upasuaji wa utumbo mpana, walioachwa wapoe waliambukizwa 19 katika 100, na waliotunziwa joto 6 katika 100. Mlango wa chumba cha upasuaji nao usifunguliwe ovyo.

Kila hatua huonekana ndogo, lakini zikijumlishwa huwa na nguvu. Kati ya mwaka 2013 na 2015 hospitali tano za Kenya, Uganda, Zambia na Zimbabwe zilitekeleza hatua za namna hii kwa pamoja. Maambukizo yalishuka kutoka wagonjwa 8 katika 100 hadi chini ya 4.

Walimu wa bayolojia na hesabu wanaweza kulitumia somo hili darasani. Wanafunzi wachore mchoro wa ongezeko la bakteria kwa muda wa saa 10, kisha waonyeshe juu ya mchoro huo ni wapi dawa ingefaa kuingia, na ni wapi imekwisha chelewa. Atakayeuelewa mchoro huo ataweza pia kumweleza jamaa yake anayekwenda kupasuliwa kwa nini yampasa kuoga vema, kuuacha wembe, na kumwuliza daktari kwa adabu ni saa ngapi atapewa dawa ya kinga.