Kijivu Kisichogeuka Kijani

Ajabu ya printa za wino ni kwamba picha ya nyeusi na nyeupe huzisumbua kuliko picha ya maua. Printa ya kawaida haina wino wa kijivu. Kijivu hukipata kwa kuchanganya samawati, majenta na njano, na wino mmoja ukizidi kiduchu tu, uso wa mtu huvuta kijani au zambarau. Picha iliyotulia dirishani mchana huweza kubadilika rangi usiku chini ya taa.

Mwaka 2005 Epson walileta wino wa UltraChrome K3, wenye weusi wa ngazi tatu, na tatizo la rangi likapungua sana. Lililobaki ni la vivuli.

Chapa ukanda wa visanduku 21, kuanzia karatasi tupu hadi weusi kamili, kila kimoja kikimzidi jirani yake kwa asilimia 5. Kwenye kioo cha kompyuta vyote vinaonekana. Kwenye karatasi isiyong'aa, mara nyingi vile vya asilimia 90, 95 na 100 vimeshikana kuwa doa moja. Humo ndimo zinamopotelea nywele na mikunjo ya koti jeusi. Wengi hapo huongeza wino, na ndipo wanapoharibu: karatasi ikishashiba, wino wa ziada hauongezi weusi, na wakati mwingine huupunguza. Kwa hiyo kwanza tafuta kikomo cha wino, kisha ndipo upange ngazi.

Acha ukanda ukauke usiku kucha, kwani wino mbichi hudanganya. Halafu pima kila kisanduku kwa spektrofotometa, kifaa cha kupimia rangi. Programu kama QuadTone RIP, ya Roy Harrington, hupokea vipimo hivyo na kurekebisha kiasi cha wino katika kila hatua mpaka ngazi zishuke sawasawa.

Spektrofotometa ni ghali, sikatai. Lakini skana ya mezani inatosha kuanzia, mradi uweke ukanda wako ubavuni mwa ukanda wa kiwandani ambao vipimo vyake vinajulikana, uziskani kwa pamoja, na uzime marekebisho yote ya kujiendesha. Kwangu mimi, fedha ya printa mpya ni afadhali iende kwenye upimaji.

Na marekebisho hayo ya wino, yaani profaili, ni ya karatasi uliyochapia ukanda tu. Ukihamia nyingine, hata ya kampuni ileile, chapa ukanda mwingine.