Wahindi wanaopiga vyombo tunavyovijua

Nazi inarushwa juu, inageuka hewani, mchezaji anaikinga kwa utosi. Inapasuka, maji yanamtiririka usoni, na ngoma hazipoi hata kidogo. Wenzake, nyuso zimepakwa rangi na viunoni wamefunga manyoya ya tausi, wanazunguka wakiiga mnyama mmoja baada ya mwingine. Hicho ndicho kilele cha dhamal, ngoma ya ibada ya Wasidi wa Gujarat, magharibi mwa India. Kikundi chao kinachofahamika zaidi nje ya nchi hiyo, Sidi Goma, kimekuwa kikiipandisha jukwaani Ulaya na Marekani tangu miaka ya mwanzo ya 2000.

Mtazamaji wa London hukata tiketi kwenda kuona utamaduni wa India. Mtu wa Kalinzi, kule milimani kwenye barabara ya Kigoma kwenda Manyovu, akiwaona wachezaji hao kwa mara ya kwanza angeanza kwa kuuliza: hawa ni wa ukoo gani?

Wasidi ni Wahindi wenye asili ya Afrika. Wapo makumi ya maelfu, katika Gujarat, Karnataka, Hyderabad na Mumbai, na jamaa zao wa Pakistan huitwa Washidi. Mababu zao walivuka bahari katika karne tofauti na kwa njia tofauti: wapo waliokwenda kama mabaharia, wapo askari, wapo wafanyabiashara, na wengi walipelekwa utumwani. Walitoka Uhabeshi, Unubi, mwambao wa Waswahili na bara lililo nyuma yake. Wachache walipanda hadi juu kabisa. Malik Ambar, Mhabeshi aliyeuzwa akiwa kijana, ndiye aliyeshika hatamu za dola ya Ahmadnagar mpaka alipofariki mwaka 1626. Mjini Ahmedabad msikiti wa Sidi Saiyyed, uliojengwa mwaka 1573, bado unawakusanya wageni wanaokuja kutazama madirisha yake ya mawe yaliyochongwa mfano wa matawi ya mti. Lakini Wasidi wengi hawakupata ngome wala msikiti wa kuitwa kwa majina yao. Waliishia mashambani na kwenye vibarua, na kilichobaki mikononi mwao ni ngoma.

Kaburi la Ratanpur

Kitovu cha ngoma hiyo ni Ratanpur, karibu na mji wa Bharuch, kwenye kaburi la walii Bava Gor. Wasidi wanasimulia kwamba alikuja kutoka Afrika na kwamba ndiye mlezi wa biashara ya akiki, jiwe la thamani linalochimbwa katika vilima vya eneo hilo. Dada yake, Mai Misra, naye ana kaburi lake, na wanawake humwendea kwa shida zao. Wanaofika kuzuru si Waislamu peke yao. Wahindu na Waparsi nao huleta wagonjwa wao, hasa wale wanaosumbuliwa na mashetani, wakiamini walii atawatuliza.

Dhamal imezaliwa katika mazingira hayo. Huanza watu wameketi, wanaimba zikri taratibu, mmoja anatoa na wengine wanapokea. Ngoma zikishachemka wanasimama, mduara unafunguka, na baadhi yao wanapandisha. Ngoma kubwa inaitwa mugarman, inasimama kwa miguu yake mbele ya mpigaji. Ndogo, yenye ngozi pande mbili, inaitwa musindo, na mtu wa Pwani atalifananisha jina hilo na msondo bila kuambiwa na mtu. Manyanga yao hutengenezwa kwa kifuu cha nazi na yanaitwa mai misra, kwa heshima ya yule dada wa walii.

Halafu kuna malunga. Huu ni upinde wenye uzi mmoja uliokazwa, na kibuyu kimefungwa kwenye mti wake ili kukuza sauti. Mpigaji anaugonga uzi kwa kijiti, na katika mkono ule ule wa kijiti ameshika manyanga, kwa hiyo kila pigo linatoka na mchakacho wake. Mkono wa pili unashika upinde, na kibuyu kikisogezwa kifuani au kuachwa wazi, sauti inazibwa na kufunguliwa.

Ukivuka mpaka pale Manyovu utakuta chombo hicho hicho. Warundi wanakiita umuduri: upinde, uzi mmoja, kibuyu, kijiti, na manyanga katika mkono wa kijiti. Wagogo wa Dodoma wana upinde wao, ndono. Brazil, walikopelekwa Waafrika wengi kwa njia ya Atlantiki, upo unaoitwa berimbau, nao unaongoza mchezo wa capoeira, na kijiti kikienda na manyanga vilevile. Chombo chepesi, cha mti, uzi na kibuyu, ndicho ambacho mtu aliyenyang'anywa kila kitu angeweza kukiunda upya popote alipotua.

Hata hivyo, huko Gujarat chombo hicho kilikaribia kufa. Kufikia mwanzo wa karne hii wapigaji wa malunga walikuwa wamebaki wachache mno, ndipo wanamuziki wa Kisidi wakaungana na watafiti Amy Catlin-Jairazbhoy na Nazir Ali Jairazbhoy katika mradi wa kukifufua. Juhudi hizo na safari za Sidi Goma zilikwenda pamoja, kwa kuwa chombo kinachotafutwa jukwaani hupata vijana wa kujifunza.

Msidi aliyefika Ujiji

Kigoma na Wasidi wana mtu wa kuwaunganisha, na jina lake limeandikwa katika vitabu vya safari kadhaa kubwa za karne ya 19. Sidi Mubarak Bombay alizaliwa karibu na mwaka 1820 katika nchi ya Wayao. Alikamatwa angali mtoto, akauzwa Kilwa, akavushwa hadi India. Huko aliishi miaka mingi, mpaka bwana wake alipofariki naye akawa huru. Alirudi Zanzibar akiwa na jina la Sidi na lugha ya Kihindustani kinywani.

Lugha hiyo ndiyo iliyomwajiri. Mwaka 1857 Richard Burton na John Hanning Speke walimchukua katika msafara wao wa kwenda bara, na Speke, aliyekuwa ofisa wa jeshi nchini India, alizungumza naye kwa Kihindustani. Februari 1858 waliingia Ujiji. Bombay alirudi mjini hapo mwaka 1871 akiwa na msafiri Stanley, wakati Stanley alipokutana na Livingstone, na tena mwaka 1874 akiwa na msafiri mwingine, Cameron, ambaye alivuka naye bara zima mpaka Atlantiki. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya Uingereza ilimpa nishani na pensheni. Alifariki mwaka 1885.

Kiungo kingine ni biashara. Pembe na watumwa waliopita Ujiji walifuata barabara iliyolipiwa kwa sehemu kubwa na mitaji ya Gujarat. Taria Topan, tajiri wa Zanzibar mwenye asili ya Kutch, ndiye aliyemkopesha Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Kwa hiyo ngoma ya Wasidi na miembe ya zamani ya Ujiji ni za historia moja. Tanzania imekwisha kuitambua barabara hiyo: mwaka 2006 iliiingiza Njia ya Kati ya biashara ya watumwa na pembe, kuanzia Ujiji hadi Bagamoyo, katika orodha yake ya awali ya urithi wa dunia UNESCO.

India ya kibanda umiza

Kwa vijana wa Kalinzi, kama wenzao kote nchini, India iliingia kwa mlango wa kibanda umiza. Wazee wao walimjua Mithun Chakraborty wa Disco Dancer, filamu ya mwaka 1982. Vijana wenyewe wamemkuta kwenye simu kijana wa Kimasai wa Mindu Tulieni, mkoa wa Pwani, Kili Paul, ambaye pamoja na dada yake Neema walipata umaarufu mwishoni mwa 2021 kwa kufuatisha nyimbo za filamu za Kihindi. Februari 2022 Ubalozi wa India ulimtunuku, na Waziri Mkuu Narendra Modi akamtaja katika hotuba yake ya redio.

Mapenzi hayo yana mizizi mirefu. Mwaka 1928 Siti binti Saad na wenzake walisafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri kwa Kiswahili. Baadaye Juma Bhalo wa Mombasa alijijengea jina kwa kutia mashairi ya Kiswahili katika mahadhi ya filamu za Kihindi. Jijini Dar es Salaam, Kituo cha Utamaduni cha Swami Vivekananda kinafundisha ngoma na tabla za India kwa yeyote anayetaka.

Kinachokosekana ni Msidi. India ya filamu haimwoneshi mara nyingi. Katika kijiji cha Jambur, jirani na mbuga ya simba ya Gir, vijana wa Kisidi wanacheza dhamal kwenye hoteli za watalii, nazi inapasuliwa utosini kati ya chakula cha jioni na kulala. Wanalipwa, na fedha hiyo wanaihitaji. Lakini mgeni hupewa kilele bila zikri iliyokizaa, anaondoka na picha ya watu wa porini. Sidi Goma imejitahidi kurekebisha hilo kwa kuanza onyesho pale ibada inapoanzia, watu wameketi, na kumwacha mtazamaji asubiri.

Kwa sababu hiyo, Wasidi wakija kwetu tusiwaweke juu ya jukwaa sisi tukae kwenye viti. Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa, ina tamasha lake la kila mwaka, nayo ipo kwenye mwisho wa Njia ya Kati. Huo ungekuwa mwanzo mzuri. Kutoka hapo waende Dar es Salaam wapande treni ya Reli ya Kati, reli iliyofika Kigoma mwaka 1914, washuke ziwani, wazuru Ujiji, kisha wapandishe Kalinzi na Manyovu wakae na wapigaji wa huku kwa siku kadhaa, malunga kwa umuduri, kila mmoja akishika chombo cha mwenzake.

Ziara inayoishia Dar es Salaam itawapa Watanzania burudani ya usiku mmoja. Ikifika Kigoma itawapa Wasidi walimu wa chombo kilichokaribia kuwapotea, na vijana wa Kalinzi watapata sababu ya kumwendea mzee mwenye upinde wakati bado anaupiga.