Ardhi ya Mezani Iliyoundwa kwa Shirika

Mnamo mwaka 1812 Baron Georg Leopold von Reisswitz, raia wa Prussia mwenye shauku kubwa ya elimu ya vita, alimpelekea Mfalme Friedrich Wilhelm III chombo ambacho mfalme alikitaka baada ya kusikia habari zake kwa wanawe: meza kubwa yenye droo, na ndani ya droo zile vigae vya jasi vilivyopakwa rangi, hiki kina kilima, hiki kina kijito, hiki kina njia na kijiji, vyote vya kipimo kimoja, ili mchezaji avipange apendavyo, leo apate bonde na kesho uwanda, kisha asogeze juu yake vipande vilivyosimama badala ya vikosi. Mwanzoni mchezo huo ulichezwa juu ya mchanga, lakini Reisswitz aliona haistahiki kumtandikia mfalme mchanga mezani, ndipo akaagiza vigae. Mwanawe, Georg Heinrich Rudolf, afisa wa mizinga, aliutoa mchezo upya mwaka 1824 kwa kutumia ramani za kipimo cha 1:8000, na ramani hizo, kwa kuwa nyepesi na rahisi, ndizo zilizoueneza mchezo jeshini. Vigae vya baba vikabaki jumbani. Kila chama cha wacheza vita vya mezani kinachokusudia hivi leo kujiundia ardhi ya shirika hukutana upya na mambo yale yale mawili, uzuri wa kigae na taabu yake.

Kwa msomaji asiyepata kuuona mchezo wenyewe, yatosha kusema kwamba watu wawili au zaidi husimama mbele ya meza, aghalabu ya futi 6 kwa 4, wakaamrisha majeshi ya sanamu ndogo za madini au plastiki zilizopakwa rangi, kila sanamu urefu wake milimita 28, au 15, au hata 6, wakipima mwendo na masafa ya risasi kwa futi ya chuma, na kuiachia dadu ile sehemu ya bahati ambayo hakuna jemadari aliyewahi kuikwepa. Nchini Uingereza, ambako mchezo huu umestawi sana, H. G. Wells aliuandikia kitabu chake Little Wars mwaka 1913, akicheza sakafuni kwa nyumba zilizopangwa kwa vipande vya mbao vya watoto, na Donald Featherstone akatoa War Games mwaka 1962. Katika kanuni za Wells mna moja ambayo naiona kuwa msingi wa mas'ala yote haya: mchezaji mmoja ndiye apangaye nchi, na mwenziwe ndiye achaguaye upande wa kupigania. Wells alifahamu kwamba ardhi si pambo. Kilima kilichowekwa vibaya humshinda mtu kabla ya dadu ya kwanza kurushwa, na kwa hiyo aundaye ardhi ya mezani huunda pamoja nayo haki au dhuluma ya mchezo.

Chama kisicho na mandhari ya shirika hucheza kwa kuazimana. Huyu huleta vilima vyake vya kijani kibichi, yule nyumba zilizosimama juu ya vumbi la Hispania, wa tatu mto wa samawati uliokatwa katika plastiki, vyote vikawekwa pamoja juu ya kitambaa, na jicho halipati pa kutulia. Dawa iliyo karibu ni kusema kila mtu atengeneze kibao kimoja cha futi 2 kwa 2, vibao sita vitimize meza. Na vyama vingi huanza hivyo, watu wakagawana mbao jioni moja kwa furaha, wakarudi baada ya miezi na nchi sita zisizojuana, barabara ya huyu ikigota ubavuni mwa kilima cha yule. Kosa halimo mikononi mwa mafundi. Limo katika kukata kabla ya kuafikiana, na la kuafikiana kabla ya mengine yote, nionavyo mimi, ni hili: ukingo wa kibao ni mali ya chama, na katikati yake ni mali ya fundi.

Kibao cha mraba kina kingo nne, na kila ukingo sharti ukubali kukaa ubavuni mwa ukingo wowote wa kibao kingine chochote. Basi chama huamua, mathalan, kwamba kingo zote ni tambarare na za kimo kimoja. Kwamba barabara hutokea katikati hasa ya ukingo, upana wake sentimita 7. Na kwamba mto nao hutokea katikati, upana wake sentimita 10 na kina chake 2. Ndani ya mipaka hiyo fundi ana hiari yake: barabara na ipinde, igawanyike, ipande mlima, mradi ifikapo ukingoni irejee mahali pake. Zile sentimita 7 hazikubahatishwa, kwani vikosi vya sanamu za milimita 28 aghalabu hugandishwa juu ya vitako vya upana wa milimita 60, na barabara isiyopitisha kikosi ni mchoro tu. Maafikiano haya machache huzaa utajiri mkubwa: vibao sita ambavyo kingo zake zote ni sawa, kila kimoja kikigeuzwa pande nne na kuwekwa popote katika nafasi sita, hutoa mipango 2,949,120, na hata tukiondoa nusu, kwa kuwa meza iliyozungushwa nzima ni meza ile ile, hubaki 1,474,560. Hesabu hupungua mara mto uingiapo, maana ukingo wenye mto haumtaki ila mwenziwe wenye mto, ndiyo sababu nashauri chama kianze na vibao vikavu, na vya mto vifuate mwaka wa pili.

Vipimo vya ukingo havitunzwi kwa kumbukumbu wala kwa rula. Hutunzwa kwa kigezo, yaani kipande cha bati au plaiwudi nyembamba, urefu wake sawasawa na ubavu wa kibao, kilichochongwa umbo la ukingo na kutiwa alama za barabara na mto. Kiwe kimoja, kikae kwa mtu mmoja aliye makini, na kila kibao kipimwe kwacho chenyewe. Fundi mwenye haraka huona kibao cha jirani ki karibu naye, akakitumia badala ya kigezo; cha tatu kikapimwa kwa cha pili, cha nne kwa cha tatu, kila nakala ikiongeza hitilafu yake ya milimita moja, na ifikapo zamu ya cha sita barabara imekwisha kuhama kadiri ya kuonwa na kila mwenye macho.

Baada ya ukingo huja unene, na hapa watu wengi huamua kwa bei, ilhali ingefaa kuamua kwa kitu kiendacho chini kuliko vyote. Mto ni mahali palipochimbika. Juu ya ubao wa sentimita moja hauna pa kuchimbiwa, basi hujengwa kwa kuinuliwa kuta zake, na maji yakawa juu kuliko shamba ambalo lingepaswa kuyateremshia yake. Shauri langu ni plaiwudi ya milimita 6 chini, na juu yake polistirini ya sentimita 5, ile ngumu yenye rangi ya samawati au waridi ambayo wajenzi huitumia kuzuia joto na baridi ukutani, wala si ile nyeupe ya punjepunje inayofungiwa televisheni dukani, kwani hiyo hupukutika kwa kila kisu na kuacha ukingo uliomeguka. Ile ngumu hukatwa kwa waya wa moto ikatoka laini, nayo sharti ikatwe dirisha likiwa wazi, maana moshi wake haufai kuvutwa. Kilima kikubwa kichongwe kwa mteremko wa upole kuliko macho yanavyotaka. Sanamu za madini ni nzito, na mteremko mzuri kutazamwa ambao vikosi huporomoka juu yake hautumiki.

Zipo hasara mbili ambazo kila fundi wa kazi hii huzipata au huonywa. Ya kwanza ni rangi ya kupulizia: vimiminika vilivyomo ndani ya makopo mengi ya rangi hiyo huyeyusha polistirini, na kilima cha kazi ya wiki kikatoboka mashimo kwa dakika chache, dawa yake ni kufunika kila mahali kwanza kwa gundi nyeupe ya seremala iliyochanganywa na mchanga na rangi ya maji. Ya pili huja polepole zaidi. Gundi hiyo ina maji, na ubao wa MDF au plaiwudi nyembamba ukilowanishwa upande mmoja hutanuka, kisha hujikunja gundi ikaukapo, hata kibao kikapepesuka mezani mfano wa sahani. Upande wa chini upakwe nao, siku ile ile, kwa kiasi kile kile, ili mivuto miwili ishindane na ubao ubaki katikati umetulia.

Katika habari ya kipimo, chama sharti kikubali kudanganya kwa ustadi. Sanamu ya milimita 28 ikihesabiwa kuwa mtu kamili, meza ya futi 6 ni kiasi cha mita 100 za ardhi, masafa ambayo hata gumegume liliweza kuyafikia. Basi nyumba tatu sharti zisimame badala ya kijiji, na sentimita 5 za kilima badala ya mgongo mzima wa nchi. Mtu asiyetaka udanganyifu huo afuate njia ya Kapteni William Siborne, aliyekaa miezi 8 katika shamba la La Haye Sainte akipima uwanja wa Waterloo, akaujenga kwa kipimo cha futi 9 kwa maili, akaweka juu yake askari zaidi ya 70,000, akauonyesha London mwaka 1838, na hadi leo upo katika National Army Museum. Nauheshimu mno mfano ule, na deni alilolibeba mtengenezaji wake lahuzunisha. Lakini ni wa vita vimoja na jioni moja, tarehe 18 Juni 1815, wala hauna siku nyingine utakaoweza kuihudumia. Chama kihitajicho ardhi ya kila juma hakina budi kutofautisha ukumbusho na uwanja.

Kwa sababu hiyo vibao vibebe vitu visivyo na karne: vilima, njia, mito, malisho. Nyumba, nyua na miti viwe mbali, vitu vya kuwekwa na kuondolewa, kwani kilima kimoja humfaa Mrumi na mwanajeshi wa 1944 pia, ila nyumba yenye bomba la moshi humfaa mmoja tu. Hata hivyo pana vita visivyoridhika na ardhi ya jumla, na mfano ambao msomaji wa mwambao aweza kuuhakiki kwa macho yake ni vita vya Tanga vya Novemba 1914. Jeshi la Waingereza lililotoka Bara Hindi lilishuka Ras Kasone, likaelekea magharibi mjini kwa kupenya mashamba ya mpira na minazi na vichaka ambamo kikosi hakikuona kikosi mwenziwe, hata likafika penye korongo la reli, na askari wa Lettow-Vorbeck, jemadari wa Wajerumani, wakaligomea. Korongo lile lahitaji vibao viwili vya pekee, vilivyochimbwa ukingo hadi ukingo, na asiyeweka sentimita 5 za polistirini tangu mwanzo hatalipata. Vichaka navyo vyahitaji miti mingi sana, iliyopandwa juu ya visahani vya kuinuliwa ili vikosi viingie, maana meza ya Tanga iliyotawanyiwa miti michache ili sanamu zionekane vizuri imefuta sababu mojawapo kubwa ya matokeo ya siku ile. Nami ningependa nyumba za wenyeji ziwemo, si forodha na hospitali ya Wajerumani peke yake, kwa kuwa vita vile vilipiganwa ndani ya mji wa watu.

Kazi yenyewe igawanywe kwa hatua. Kukata, kupima kingo kwa kigezo, kupaka gundi na mchanga, na rangi ya kwanza ya udongo, hatua hizo zifanywe na wote mahali pamoja, kwa mchanga wa gunia moja uliochekechwa kwa chekecheke moja, na kwa rangi iliyochanganywa katika ndoo moja kubwa ambayo kiasi chake kimeandikwa daftarini, kopo hili mara tatu na lile mara moja, jina la duka na namba ya rangi pamoja. Baada ya hapo tu kila fundi achukue kibao chake nyumbani, akatie mawe yake, magugu yake na daraja lake. Wenye ustadi mkubwa hawaipendi hatua ya shirika, huiona inawafunga mikono. Nao ndio inaowafaa zaidi, kwani udongo wa chini ukiwa mmoja, kila walichokiongeza juu yake huonekana kimeota papo hapo.

Yabaki mambo ya mali na kabati, ambayo yangepasa kuzungumzwa mwanzoni. Iandikwe, na wote waweke sahihi, kwamba kilichojengwa kwa fedha za chama ni cha chama hata aliyekijenga akiondoka, na kwamba anayetaka kibao chake kiwe chake anunue ubao wake mwenyewe. Upimwe mlango wa kabati, na buti la gari litakalochukua vibao kwenda kwenye maonyesho, mfano wa yale ya Salute ambayo chama cha South London Warlords huandaa London tangu 1972, kabla ya kuamua ukubwa wa kibao. Futi 2 kwa 2 huingia katika gari dogo, futi 4 kwa 2 huleta mashauri marefu. Vibao visilaliane. Visimamishwe kwa ubavu katika rafu yenye mifuo, uso wa kimoja usiguse mgongo wa kingine, na chupa ya rangi ya ndoo ile ya kwanza ikae rafu ya chini pamoja na kigezo, ili kibao kilichochubuka kitengenezwe usiku ule ule, kabla hakijarudishwa ndani.