Mfuta Vioo Wako: Mwajiriwa au Amejiajiri?

Kuna sentensi ambayo wenye kampuni ndogo za usafi hupenda kuiweka chini kabisa ya mkataba, juu kidogo ya sahihi: kwamba mfanyakazi huyu amejiajiri mwenyewe na hana madai yoyote ya mwajiriwa. Baada ya hapo mwenye kampuni hulala usingizi mnono, akiamini hadaiwi michango ya mfuko wa hifadhi ya jamii (NSSF), likizo wala notisi. Kwa sheria za Tanzania, sentensi hiyo ni dhaifu kuliko anavyodhani.

Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinasema kwamba mtu anayemfanyia mwingine kazi atachukuliwa kuwa mwajiriwa, vyovyote mkataba ulivyoandikwa, ikiwa lipo hata jambo moja kati ya saba. Anaelekezwa namna ya kufanya kazi. Anapangiwa saa. Ni sehemu ya taasisi anayoifanyia kazi. Amefanya kazi kwa wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Anamtegemea huyo mmoja kiuchumi. Anapewa vifaa. Au anamfanyia kazi mtu huyo mmoja tu. Moja tu linatosha, na anayetakiwa kuthibitisha vinginevyo ni wewe mwenye kampuni.

Sasa tuseme umepata kazi ya kufuta vioo vya jengo la ghorofa sita maeneo ya Posta, Dar es Salaam. Vijana wanne wanafika saa moja asubuhi kwa sababu wewe umesema saa moja. Msimamizi wako anawapanga waanze upande wenye kivuli, maana jua likishapiga kioo sabuni hukauka kabla ya kupanguswa na kuacha michirizi. Ndoo, vipangusio vya mpira, fimbo ndefu, ngazi na mikanda ya usalama ni mali ya kampuni. Fulana zina jina la kampuni mgongoni. Wanakuja siku tatu kwa wiki, saa nane kila siku. Kwa mwezi hiyo ni zaidi ya saa 90, mara mbili ya kiwango cha sheria. Ukifikishwa mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, sentensi yako ya chini ya mkataba itakusaidia nini?

Aliyejiajiri kweli hujulikana bila kumuuliza. Ana TIN yake, ngazi yake na wateja wengine Mikocheni na Mbezi. Anakutajia bei ya kazi nzima, si ya siku. Akibanwa anamtuma mwenzake. Akiacha michirizi anarudia kwa gharama zake, nawe huna habari ameanza saa ngapi, mradi vioo ving'ae. Watu wa namna hii wapo, ila ni wachache kuliko mikataba inavyodai.

Wengi hukimbilia njia ya kujiajiri kwa kuogopa gharama, kwa hiyo tuzihesabu. Kijana wa mshahara wa shilingi 400,000: mchango wa NSSF ni asilimia 20, nusu yake ukiweza kumkata yeye. Wewe unabaki na 40,000. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ni asilimia 0.5, yaani 2,000, na hiyo ni yako peke yako, huruhusiwi kumkata. Likizo ya mwaka ni siku 28 zenye malipo, ambazo ukizigawanya kwa miezi yote zinakaribia 33,000 kwa mwezi. Tozo ya kuendeleza ufundi stadi haikuhusu mpaka ufikishe waajiriwa kumi. Jumla, kijana huyo anakugharimu kama 475,000 kwa mwezi, kabla ya sabuni na nauli. Ni pesa, sikatai. Lakini ni pesa inayojulikana mapema, na mahali pake ni kwenye bei unayompelekea mwenye jengo. Anayeshinda zabuni kwa kutoziweka gharama hizi hajapata kazi, amejikopesha deni.

Tena kazi yenyewe ni ya kupanda juu. Mwajiriwa akianguka, WCF hubeba matibabu na fidia ya ulemavu, na akifariki, mafao huenda kwa wategemezi wake. Aliyejiajiri hana kinga hiyo. Akianguka kutoka kwenye ngazi yako, iliyolegea miguu kwa uzembe wako, atakudai wewe moja kwa moja, na pesa za hospitali zitatoka kwenye akaunti ya kampuni. Hapo asilimia 0.5 itaonekana kitu kidogo sana. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 nayo iko hapo hapo, ikikutaka uwe na vifaa salama.

Ukiwa na kazi za msimu, huna haja ya kumgeuza kijana kuwa mfanyabiashara kwa kalamu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inatambua mkataba wa kazi maalumu: jengo hili, kazi hii, ikiisha mkataba umeisha. Bado ni ajira na michango inalipwa, ila hujajifunga kwa mwaka mzima. Neno kibarua lenyewe halikukingi. Hata Kenya, kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humhesabu kibarua aliyefanya kazi mfululizo hadi kutimiza mwezi kuwa mwajiriwa wa mshahara wa mwezi.

Ushauri wangu ni huu: majengo marefu na kandarasi za kudumu, ajiri. Nyumba za watu na maduka ya mtaani mara moja kwa miezi mitatu, mpe fundi mwenye ngazi yake, mwandikiane bei ya kazi, akupe risiti. Na kama leo una vijana wenye fulana zako wasiosajiliwa NSSF wala WCF, anza na WCF wiki hii, kabla hawajapanda tena.